“Alimuoa au Alimweka Ndani?” Sogea Tukae na Ukweli wa Ile Miaka Miwili

Siku ya matanga, turubai halijakunjwa bado na masufuria ya wali yamegeuzwa kifudifudi kwenye majani, wazee wa ukoo husogeza mabenchi chini ya migomba na kikao huanza. Madeni ya marehemu yatasomwa. Watoto watatajwa mmoja mmoja. Atatafutwa mtu wa kusimamia mirathi. Kisha baba mkubwa mmoja atakohoa na kuuliza lile swali ambalo kila mtu alikuwa analisubiri: “Huyu binti, ndugu yetu alimuoa au alimweka ndani tu?”

Binti mwenyewe yuko ndani, kitenge kichwani, amekaa mkekani na wamama waliokuja kumpa pole. Ameishi na marehemu miaka saba. Ana watoto wawili. Ndiye aliyelala naye hospitali mpaka siku ya mwisho. Dirisha liko wazi, na anasikia kila neno.

Nimekaa kwenye vikao vya namna hii, na majibu hugongana palepale. Mmoja atasema miezi sita inatosha, serikali imeshasema. Mwingine atasema hapa mahari haikutoka, kwa hiyo hakuna mke. Wa tatu alisikia redioni kwamba ni miaka miwili. Mzee wa kanisa atainamisha kichwa na kusema hawakubarikiwa. Kila mmoja anasema kwa uhakika, na karibu kila mmoja ameshika kipande cha ukweli ambacho kwa peke yake kinapotosha.

Kwa watu wa huku kwetu Nyanda za Juu Kusini hili si swali la kupitishia muda. Utafiti wa kitaifa wa VVU wa mwaka 2022 hadi 2023 uliikuta Njombe na maambukizi ya asilimia 12.7 kwa watu wazima, Iringa asilimia 11.1 na Mbeya asilimia 9.6, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 4.4. Siku hizi dawa zinawaweka watu hai miaka mingi, lakini kwa muda mrefu mikoa hii imezika wazazi wakiwa bado vijana, na nyuma yao wakabaki wanawake na watoto ambao nafasi yao nyumbani ilitegemea jibu la baba mkubwa yule. Ndiyo maana nataka tulifungue jambo hili taratibu.

Tuanze na maneno, maana mkanganyiko mwingi unaanzia hapo.

Ndoa, kwa mujibu wa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inayotumika Tanzania Bara, ni muungano wa hiari wa mwanaume na mwanamke unaokusudiwa kudumu maisha yao yote. Inaweza kufungwa kanisani, msikitini, bomani kwa mkuu wa wilaya, au kimila. Kwa sheria hiyo ndoa hizi zote ni ndoa. Ya bomani si ndogo kuliko ya kanisani, wala ya kimila si nusu ndoa.

Uchumba ni ahadi ya ndoa. Barua ya posa ikipokewa na kishika uchumba kikatolewa, mmekuwa wachumba, na bado hamjawa mume na mke. Anayeivunja ahadi hiyo anaweza kudaiwa fidia, na zawadi zilizotolewa kwa ajili ya ndoa isiyofungwa zinaweza kudaiwa zirudi. Lakini hakuna mahakama itakayomlazimisha mtu aoe.

Kuishi kinyumba ndiko tunakokuita sogea tukae: watu wawili wanaishi chumba kimoja, chungu kimoja, bila ndoa yoyote kufungwa. Mtaani tunasema amemweka ndani.

Neno la nne ni dhana ya ndoa, na hili ndilo linalowachanganya watu kuliko yote. Nitalirudia baadaye kwa urefu. Kwa sasa lishike hivi: dhana ya ndoa ni pale mahakama inapodhani kwamba watu wawili walioana, kwa sababu maisha yao yalionekana hivyo, mpaka mtu athibitishe kwamba sivyo.

Sasa, kwa nini mzee wa ukoo, mzee wa kanisa na mwenyekiti wa mtaa wanaweza kumtazama binti mmoja na kutoa majibu matatu? Kwa sababu kila mmoja ana kipimo chake. Ukoo unapima kwa mahari na kwa kutambulishana. Kanisa au msikiti unapima kwa kiapo na baraka. Serikali inapima kwa sheria. Mtu anaweza kufaulu kwa mmoja na kuanguka kwa wawili. Wapo walioolewa kwa ng’ombe kamili, wazee wakashuhudia, lakini kanisani hawapokei meza ya Bwana mpaka wabariki ndoa. Wapo waliofunga bomani wakiwa na cheti mkononi, na mama mkwe bado anasema “yule rafiki wa mwanangu”. Kikao cha matanga kinapovurugika, mara nyingi watu hawabishani juu ya ukweli wa maisha ya wale wawili. Wanabishana juu ya kipimo, bila kujua kwamba kila mmoja ameshika chake.

Niseme kidogo kuhusu vijana wenyewe, maana ni rahisi kuwahukumu. Kijana anatoka Makete au Ludewa, anapata kazi ya mbao Mafinga. Mwingine ametoka Ileje, anaendesha bodaboda Mbeya. Anapanga geto moja. Juni inafika na baridi yake, mchumba anakuja kumpikia, keshokutwa nguo zake zimebaki, mwezi wa pili kuna jiko la mkaa na ndoo mbili. Hakuna aliyekaa akaamua. Upande wa pili kuna orodha: mahari, mkaja wa mama, blanketi la bibi, kuaga binti, kamati ya harusi, kadi za mchango, ukumbi. Kijana akipiga hesabu anaona ni miaka mitano ya kazi. Wanapendana leo. Wanasogea, wanakaa.

Wazee husema zamani haikuwa hivi, na hapo wako sahihi kwa namna ambayo wengi wao hawaisemi wazi. Katika mila nyingi za Nyanda za Juu Kusini ndoa haikuwa siku moja. Ilikuwa safari. Ng’ombe mmoja alitangulia, wengine wakafuata kwa miaka, jembe lilipelekwa, kazi ilifanywa shambani kwa wakwe, na kulikuwa na kipindi kirefu ambapo watu walikuwa tayari wanaishi pamoja wakati mahari haijaisha. Kwa hiyo kuwa katikati si jambo geni kwetu. Tofauti ni kwamba zamani ukoo wa pande zote mbili uliitazama safari ile. Kila ng’ombe alikuwa na shahidi. Kijana akimrudisha binti, kulikuwa na watu wa kuulizana nini kimetokea na nini kirudi. Sogea tukae ya leo imebaki na safari na kuwaacha mashahidi nyumbani. Mwenye nyumba wa Ilomba anajua tu kwamba kodi inalipwa.

Pengo hilo ndilo sheria ilijaribu kuliziba, na hapa tunafika kwenye ile miaka miwili.

Kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa kinasema, kwa maneno yangu mwenyewe, kwamba ikithibitishwa mwanaume na mwanamke wameishi pamoja kwa miaka miwili au zaidi, katika hali iliyowafanya wapate sifa ya kuwa mume na mke, kutakuwa na dhana inayoweza kupingwa kwamba walioana kihalali. Soma tena polepole. Kuna vitu vitatu ndani yake, na mtaani tumebeba kimoja tu.

Cha kwanza ni muda: miaka miwili, si miezi sita. Miezi sita haipo kwenye sheria hii, na kila anayemwambia binti “vumilia nusu mwaka, utakuwa mke wake kisheria” anampa ahadi ambayo hakimu hataitambua.

Cha pili ni sifa. Miaka miwili peke yake haitoshi, wala mitano. Sheria inataka watu waliowazunguka wawe wanawajua kama mume na mke. Hapo ndipo penye uzito wote. Fikiria mwanaume aliyempangia mwanamke chumba, anakuja Ijumaa na kuondoka Jumapili usiku, na mwenye nyumba ameambiwa “huyu ni dada yangu”. Hata wakifikisha miaka sita, sifa ya ndoa iko wapi? Sasa fikiria wengine. Majirani wanamwita mama wa mtoto wao wa kwanza. Kwenye kikoba ameandikisha jina la mwanaume kama mwenza wake. Kadi ya kliniki ina majina ya wote wawili. Mwaka ule bibi yake mwanaume alipofariki, huyu mwanamke alikwenda na kupika msibani upande wa wakwe, akakaa na wakamwana wenzake. Kwa Wanyakyusa kuna alama nyingine ya zamani: mkamwana hakutani uso kwa uso na baba mkwe wake, humpisha njia, hujificha. Mwanamke anayempisha baba mkwe kwa heshima hiyo, na baba mkwe akakubali kupishwa, hao wameshasema kitu mbele ya kijiji kizima, hata kama hakuna karatasi.

Cha tatu ni neno dhana, na lile la kupingwa. Nitumie mfano wa sokoni. Pale Mwanjelwa kuna kibanda cha mchele. Kila asubuhi dada yuleyule anakifungua, yeye ndiye anayepanga bei, yeye ndiye anayelipa ushuru, na wabeba mizigo wanamwita bosi. Ukiulizwa kibanda ni cha nani, utajibu ni chake. Hujaona mkataba. Umedhani, lakini umedhani kwa sababu nzuri. Akitokea mtu akasema si chake, huyo ndiye mwenye kazi ya kuleta ushahidi. Akileta karatasi zinazoonyesha kwamba dada ameajiriwa na mjomba wake, dhana yako inaanguka. Asipozileta, inasimama, na soko zima linaendelea kumwita mwenye kibanda.

Ndivyo mahakama inavyofanya. Anayedai aliishi kama mke au mume ataanza kwa kuthibitisha muda na sifa. Akifanikiwa, upande wa pili ndio utakaopaswa kuonyesha kwamba hata hivyo hapakuwa na ndoa. Na zipo njia za kuibomoa dhana hiyo. Iliyo wazi kuliko zote ni kuonyesha kwamba mwanaume alikuwa tayari ana ndoa ya mke mmoja, kwa mfano ndoa ya Kikristo iliyofungwa Iringa mwaka 2009 na haijawahi kuvunjwa. Sheria inamkataza mtu wa namna hiyo kufunga ndoa nyingine, kwa hiyo haiwezi kudhani kwamba alifunga. Hili liwafikie dada zetu wanaoambiwa “na mke wangu tulishaachana kitambo”. Kuachana kwa kuhamisha begi si talaka. Talaka inatolewa na mahakama, na kabla ya kufika huko wenye ndoa wanapitishwa kwenye baraza la usuluhishi. Kama hujaiona amri ya talaka, hesabu kwamba yule bado ana mke.

Umri nao unaivunja. Hapo niseme kwa kifupi tu, kwa kuwa jambo lenyewe haliruhusu mjadala: mwaka 2016 Mahakama Kuu, katika shauri lililofunguliwa na mwanaharakati Rebeca Gyumi, ilivitamka vifungu vilivyoruhusu binti kuolewa na miaka 15, au 14 kwa idhini ya mahakama, kuwa vinakwenda kinyume cha Katiba, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo. Mtu aliyemweka ndani mtoto wa shule hana dhana ya ndoa ya kujificha nyuma yake. Ana kesi ya jinai.

Sasa mtu makini atauliza: kama wenyewe wanakiri kwamba hawakuwahi kufunga ndoa popote, dhana si imeshaanguka? Swali zuri, na waliotunga sheria walilifikiria. Kifungu kidogo cha pili cha 160 kinasema kwamba hata dhana ikipingwa na kuanguka, mwanamke akithibitisha kwamba kweli waliishi kama mume na mke kwa miaka miwili au zaidi, anaweza kuomba matunzo yake na ya kila mtoto wa muungano huo. Na yeyote kati yao, mwanamke au mwanaume, anaweza kuomba nafuu nyingine ambazo mahakama huzitoa ndoa inapovunjwa, pamoja na suala la nani akae na watoto. Katika uamuzi ulioripotiwa mwaka 1994 Mahakama ya Rufani ilisema wazi kwamba nafuu hizo ni pamoja na kugawana mali waliyoichuma wakiwa pamoja. Kwa hiyo mwanamke aliyeshindwa kuitwa mke hatoki lazima mikono mitupu. Hiki ndicho kipande ambacho kwenye vikao vya ukoo sijakisikia kikitajwa hata mara moja, na ndicho ambacho kingepunguza machozi mengi.

Kuhusu mali, nikae hapa kidogo, maana ndipo panapouma.

Chukua vijana wawili wa mfano. Mwanaume alikodi ekari mbili za viazi kule Isyonje, akanunua mbegu na mbolea. Mwanamke alipanda, alipalilia, aliwapikia vibarua, alinyonyesha mtoto kwenye tuta, aliamka usiku kusubiri lori. Msimu ulikuwa mzuri, wakanunua kiwanja Uyole. Mkataba wa mauziano una jina moja, la mwanaume. Wakikosana, mwanaume atasema kiwanja ni changu, tazama jina. Mwanamke atasema ni nusu kwa nusu, sheria inasema hivyo.

Wote wawili hawako sahihi. Jina kwenye mkataba halimalizi habari, na nusu kwa nusu si amri inayojiendesha yenyewe. Kifungu cha 114 kinaiambia mahakama iangalie mchango wa kila mmoja, wa fedha, wa mali au wa kazi, iangalie madeni waliyoingia kwa faida ya wote, mahitaji ya watoto wadogo na desturi za jamii yao. Na baada ya hayo yote, ielemee kwenye usawa. Kuelemea usawa si sawa na kupasua katikati. Katika kesi moja mwanamke anaweza kupata thelathini kwa mia, katika kesi nyingine hamsini, kutokana na alichothibitisha.

Je, kupika na kulea ni mchango? Kwa miaka mingi waume wengi, na hata baadhi ya mahakama, walisema hapana, hiyo ni kazi ya mke. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, Jaji Mkuu akiwa Francis Nyalali, iliamua kesi maarufu ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu na kusema kwamba kazi za nyumbani nazo ni mchango katika kupatikana kwa mali ya familia. Watu husimulia kesi hiyo na kuishia hapo. Mwisho wake ni wa kuzingatiwa pia: Bi Hawa alishinda hoja, akakosa mgao, kwa sababu mahakama iliona kwamba fedha alizopewa na mumewe za kufanyia biashara alikuwa amezitapanya. Kanuni aliyoiacha inawalinda wanawake mpaka leo. Yeye mwenyewe haikumpa nyumba. Ukienda mahakamani ukidhani kwamba kuwa mwanamke au kuwa mzazi kunatosha, kumbuka kwamba kinachopimwa ni mchango wako, na mchango unahitaji ushahidi.

Watoto wana habari yao peke yao, na afadhali tuitenganishe kabisa na ndoa ya wazazi. Wengi wanaamini kwamba mtoto ndiye cheti: “tumezaa, basi tumeoana.” Hapana. Kuzaa pamoja kunawafanya wazazi wenza tu. Lakini upande wa pili wa imani hiyo una madhara zaidi, ule unaosema kwamba mtoto asiye wa ndoa hana kitu kwa baba yake. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa kila mtoto haki ya matunzo ya wazazi wake, na inakataza mtu kumnyima mtoto kufaidi mali ya mzazi wake kwa kiasi kinachofaa. Haiulizi kwanza kama mama yake aliolewa. Kama baba anakana, mahakama inaweza kuombwa itamke ni nani mzazi, hata kwa kipimo cha vinasaba.

Mila za makabila mengi ya huku husema mahari isipotoka watoto ni wa upande wa mama, ikitoka ni wa upande wa baba. Nimeona watoto wakivutwa mkono huku na mkono kule kwa hoja hiyo, kana kwamba ni mbuzi wanaosubiri wenyewe waje wawachukue. Mahakama haifuati ng’ombe. Inaangalia maslahi ya mtoto, na kwa mtoto aliye chini ya miaka saba sheria inadhani, hapa tena kwa dhana inayoweza kupingwa, kwamba ni vema akae na mama yake.

Na mahari yenyewe? Bila mahari hakuna ndoa? Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ndoa kinajibu: ndoa iliyokamilika kwa mambo mengine haibatiliki kwa sababu desturi ya mahari haikufuatwa. Haibatiliki hata kwa kutosajiliwa. Sisemi hivi ili kumwambia kijana asiende kwa wakwe. Mahari kwetu ni mdomo wa ukoo mmoja kusalimia ukoo mwingine, na binti aliyetolewa bila salamu hiyo hubeba aibu ambayo sheria haiwezi kumpangusa. Nasema tu kwamba wakwe hawawezi kusimama mahakamani na kuifuta ndoa kwa kuonyesha zizi tupu.

Jambo moja linasahaulika: mengi niliyoyaeleza ni rahisi zaidi kuyapigania wote wawili wakiwa hai. Mwenzako akiwa hai unabishana naye. Akifa unabishana na ukoo wake, na shahidi mkuu amelala kaburini. Mirathi nayo ina sheria zake, za mila, za Kiislamu na za kiserikali, na kila moja ina mlolongo wake. Mtu aliyeishi sogea tukae miaka kumi kwa amani anaweza kukuta amani yote ilikuwa inashikiliwa na pumzi ya mtu mmoja.

Kwa hiyo wale walio hai bado, na wanaopendana bado, wana njia fupi kuliko wanavyodhani. Ukumbi si sharti la sheria. Keki si sharti. Bomani mnapeleka taarifa ya kusudio la kuoana, inakaa angalau siku 21 ili mwenye pingamizi ajitokeze, kisha mnafunga ndoa mbele ya mashahidi wawili na mnatoka na cheti. Kanisani, wanaoishi pamoja hupangiwa mafundisho na kubariki ndoa, na kuna Jumapili ambazo wanasimama madhabahuni wazee kwa vijana, wengine wajukuu wao wamekaa mabenchi ya mbele. Mahari inaweza kuendelea kwenda taratibu kama ilivyokuwa ikienda siku zote. Na wasio tayari kwa lolote kati ya hayo, basi angalau majina yote mawili yaandikwe kwenye mkataba wa kiwanja, na risiti za mbolea zisitupwe.

Turudi kwa binti wa mkekani, maana yeye siku 21 zimeshampita.

Asifukuzike usiku ule. Aende kwa msaidizi wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua, na ofisi ya ustawi wa jamii ya wilaya itamwelekeza walipo. Mahakama ya Mwanzo, ile iliyo karibu kabisa na watu, inasikiliza mashauri ya ndoa na mirathi. Akusanye kadi za kliniki, fomu za shule zenye sahihi ya marehemu, daftari la kikoba, picha za ile sherehe ya ubatizo. Ampate mama mwenye nyumba wa chumba cha kwanza walichopanga, ampate mwenyekiti wa mtaa, ampate jirani waliyechota naye maji.

Na amuombe baba mkubwa aitwe shahidi. Pale kikaoni alikuwa muulizaji. Kizimbani ataulizwa yeye, chini ya kiapo, kuhusu zile sikukuu za Krismasi alizopokelewa mabegi na huyu binti, siku aliyougua akaletewa uji, siku aliyomtuma mtoto akisema “kamwite nani”. Hakimu hatauliza ng’ombe walikuwa wangapi. Atauliza: “Mzee, miaka yote saba hiyo, ninyi nyumbani mlikuwa mnamwita nani?”